Herufi Moja, Mimba Tano

Makala yenyewe ni kurasa tano tu. Ilitoka katika jarida la Science mwezi Julai mwaka 2000, na mwandishi wake wa kwanza ni David Geller, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Richard Lifton, Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Ndani yake mna kijana wa miaka 15 mwenye presha iliyopanda vibaya, mna ukoo wake, mna wanawake wawili waliobeba mimba tano baina yao, na mna herufi moja ya jeni iliyoandikwa ndivyo sivyo. Huwa nairudia makala hii, si kwa ajili ya habari yake, maana habari naijua. Narudi kuangalia mikono ya mafundi: walianzia wapi, walikataa kuridhika wapi, na kwa nini kila walipopata jibu walilipasua jibu hilohilo ili watafute swali dogo zaidi.

Kwamba homoni za uzazi zina mkono katika presha si jambo geni. Daktari yeyote anajua kuwa wanaume hupandwa na presha mapema kuliko wanawake, na kuwa mwanamke akishakoma hedhi pengo hilo huanza kuzibika, hata akampita mwanamume wa rika lake. Panya wanalionyesha jambo hili waziwazi zaidi, kwa sababu panya unaweza kumwondolea kiungo ukaona kinachobaki. Kuna uzao wa panya wanaokua na presha bila kufanywa chochote, uliopatikana Kyoto, Japani, kwa kazi ya Okamoto na Aoki, na kutangazwa mwaka 1963. Madume wa uzao huo wana presha kubwa kuliko majike. Dume akihasiwa, presha inashuka. Mwaka 1998 Jane Reckelhoff na wenzake, huko Jackson, Mississippi, walionyesha kwamba jike aliyetolewa ovari kisha akapewa testosteroni presha yake hupanda, na kwamba figo iliyo chini ya homoni hiyo hudai msukumo mkubwa zaidi wa damu ndipo itoe chumvi ileile. Estrojeni huvuta upande wa pili: hupunguza katika figo vipokezi vya anjiotensini vya aina ya kwanza, vile ambavyo vikiamshwa hubana mishipa na kushikilia chumvi.

Kazi nzuri hiyo, na bila hiyo tusingejua hata pa kuanzia. Lakini kisu chake ni kipana. Ukimtoa jike ovari hujamwondolea estrojeni peke yake. Umeondoa projesteroni, umevuruga mzunguko wake, umebadilisha mafuta ya mwili wake na hamu yake ya kula. Ukiona presha imebadilika, una washukiwa wengi ndani ya chumba kimoja. Watu wa Yale walipata nafasi ambayo panya wa siku zile hakuweza kuitoa: ukoo mmoja wa binadamu ambamo maumbile yalibadilisha kitu kimoja tu, kidogo kuliko chochote ambacho kisu kingeweza kukifikia. Bahati ilikuwa hiyo. Yaliyobaki yalikuwa ufundi.

Kwanza mahali penyewe. Figo za mtu mzima huchuja takribani lita 180 za majimaji kwa siku, na karibu yote hurudishwa mwilini kabla hayajawa mkojo. Kazi kubwa hufanyika mwanzoni mwa mirija. Mwishoni hubaki asilimia chache za chumvi, na hapo ndipo uamuzi hupitishwa: irudi kwenye damu au itoke. Anayeamua ni aldosteroni, homoni ya tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo. Sylvia Simpson na James Tait, waliokuwa London, pamoja na wenzao wa Uswisi, waliipata ikiwa safi mwaka 1953, baada ya kukamua tezi za ng'ombe kwa mamia ya kilo na kuambulia miligramu chache. Aldosteroni huingia ndani ya seli na kushikana na kipokezi chake. Kipokezi kikahamia kwenye kiini na kuwasha jeni. Njia za kupitishia sodiamu zikaongezeka kwenye ukuta wa mrija. Chumvi inarudi, maji yanaifuata, ujazo wa damu unaongezeka, na presha inapanda.

Kipokezi hicho ni mnyororo wa asidi amino 984. Jeffrey Arriza, Ronald Evans na wenzao ndio walioyapata maandishi ya jeni yake, mwaka 1987. Tabia yake moja ya ajabu ni kwamba hakichagui sana. Kortisoli, homoni ile inayopanda mtu anapoamka au anapobanwa na shida, inakitosha sawasawa na aldosteroni, na kortisoli imejaa kwenye damu mara mia na zaidi. Ingeachwa hivihivi, sauti ya aldosteroni isingesikika kabisa. Figo ina namna yake ya kujikinga: seli hizohizo zina kimeng'enya kinachogeuza kortisoli kuwa kortisoni, ambayo kipokezi hakiitambui. Timu mbili, ya John Funder huko Australia na ya Christopher Edwards huko Scotland, zilieleza hayo mwaka 1988. Mizizi ya likorisi, ile mitamu inayotengenezewa kinywaji Misri na Syria, hukizuia kimeng'enya hicho, ndiyo maana anayeitumia kwa wingi anaweza kupandwa na presha. Msomaji aiweke kortisoni pembeni kwanza. Itahitajika.

Na projesteroni je, homoni inayoushikilia ujauzito? Nayo inakitosha kipokezi hichohicho, na inakishika kwa nguvu karibu sawa na aldosteroni. Tofauti iko kwenye kinachofuata. Chukua ofisi yenye kiti kimoja, ambayo barua haitoki bila saini ya aliyekikalia. Aldosteroni hukaa na kusaini. Projesteroni hukaa, tena hukaa vizuri, lakini haisaini chochote; na muda wote inapokaa, aldosteroni imesimama nje.

Hilo liligunduliwa kwa vifaa ambavyo leo vingeonekana duni. Katika miaka ya 1950, huko Chicago, Richard Landau na wenzake walikuwa na watu wanaokula chumvi iliyopimwa, mikojo iliyokusanywa siku baada ya siku, na hesabu za sodiamu. Mtu akidungwa projesteroni, chumvi ilitoka kwa wingi kwenye mkojo. Basi, mtu angeweza kusema projesteroni ni dawa ya kutoa chumvi na akaenda zake nyumbani. Wao walikwenda kwa wagonjwa ambao tezi zao za adrenali hazifanyi kazi, watu wasio na aldosteroni. Kwao projesteroni haikufanya lolote, mpaka wapewe kwanza homoni ya kushikilia chumvi. Kumbe haiisukumi chumvi; inamzuia anayeishikilia. Jaribio moja la ziada, na maana yote ikabadilika.

Katika mimba mvutano huu ni wa kila siku. Kondo la nyuma hutoa projesteroni nyingi, kiwango chake kikapanda hata mara mia, na aldosteroni nayo hupanda mara kadhaa ili isipokonywe kazi yake yote. Mama mwenye afya huvuka hapo akiwa na presha ambayo katikati ya mimba hushuka kidogo, wala haipandi. Wakunga wameiona namba hiyo kwenye kadi za kliniki vizazi kwa vizazi.

Sasa turudi Yale. Mwaka 1998 Geller na wenzake walikuwa wameeleza ugonjwa wa watoto wachanga wanaopoteza chumvi kwenye mkojo, na kuonyesha kuwa nakala moja ya jeni ya kipokezi hiki ilikuwa imeharibika. Faili lingeweza kufungwa hapo. Badala yake swali liligeuzwa: kama kipokezi kibovu humwaga chumvi, je, kuna mahali ambapo kipokezi hichohicho kimekuwa na bidii kupita kiasi? Waliichambua jeni hiyo kwa wagonjwa 75 waliopata presha kali mapema maishani, na mmoja wao alikuwa yule kijana wa miaka 15.

Vipimo vyake vilikuwa vya kushangaza kwa anayejua kuvisoma. Renini, ambayo figo huitoa inapohisi damu haitoshi, ilikuwa chini. Hilo ni sawa. Presha iko juu, figo imenyamaza. Lakini aldosteroni nayo ilikuwa chini. Mwili wake ulikuwa unashikilia chumvi kana kwamba umeagizwa na aldosteroni, ilhali mwenye kuagiza hayupo. Ukiona hivyo, acha kuitafuta homoni, angalia kipokezi. Wakaangalia. Katika maandishi ya jeni, C moja ilikuwa imegeuka T, na kwa sababu hiyo asidi amino ya 810 kwenye mnyororo, ambayo kwa kawaida ni serini, kwake ilikuwa leusini.

Hapa ndipo ninapowaheshimu zaidi. Herufi iliyokosewa haina uzito yenyewe. Kila mmoja wetu anatembea na nyingi, na nyingi hazina madhara. Wakafuatilia ndugu 23. Kati yao 11 walikuwa wamegunduliwa na presha kali kabla ya kufikia miaka 20, na 12 presha zao zilikuwa za kawaida. Watatu kati ya wenye presha walikuwa wameshafariki, moyo ukiwa umeshindwa kazi kabla ya miaka 50. Waliobaki walipochukuliwa damu, mgawanyiko ulikuwa safi: wenye presha walikuwa na herufi ile, wasio na presha hawakuwa nayo. Ukoo ulikuwa umeshatoa ushahidi kabla maabara haijawasha taa. Inafaa kukumbuka kwamba nyuma ya neno "ndugu 23" kuna kazi ya kuwapigia watu simu, kubisha hodi, kueleza, kuomba damu, na kuwasikiliza wakisimulia nani alikufa lini na kwa nini. Kazi hiyo haina mchoro kwenye makala.

Halafu ikaja maabara. Desturi ya kazi ya namna hii ni kuchukua seli zisizo na kipokezi unachokitafuta, kuzipandikiza jeni yake, na pamoja nayo jeni nyingine ya kutoa taarifa, mara nyingi ile ya kimeng'enya kinachompa kimulimuli mwanga wake. Kipokezi kikifanya kazi, seli inang'aa, na mwanga huo unapimika. Seli zinazotumika sana, ziitwazo COS-7, asili yake ni figo ya tumbili wa Afrika. Kisha unadondosha homoni, moja baada ya nyingine, kwa kipimo kidogo, kikubwa, kikubwa zaidi, na unaandika. Kazi hii inachosha kwa kurudiarudia, na ndiyo maana anayeifanya vizuri anastahili kusifiwa.

Kipokezi cha kawaida kilifanya kama kilivyotarajiwa: aldosteroni ikakiamsha, projesteroni ikakikalia kimya. Kipokezi chenye leusini kilikuwa na vituko viwili. Kwanza, kilifanya kazi kidogo hata bila homoni yoyote. Pili, projesteroni ilipodondoshwa, kilifanya kazi kwa nguvu kabisa. Yule aliyekuwa akikalia kiti bila kusaini sasa alikuwa anasaini kila karatasi.

Hesabu ya maana ya jambo hilo inatisha. Homoni inayopanda hata mara mia katika mimba ndiyo hiyo sasa inayoamuru figo kushikilia chumvi. Wakawatazama wanawake wa ukoo ule. Wawili wenye herufi hiyo walikuwa wamebeba mimba tano baina yao, na katika kila moja kati ya hizo tano presha ilipanda vibaya, huku aldosteroni ikiwa imedidimia, kinyume kabisa cha mimba ya kawaida ambamo hupanda. Dalili zinazozoeleka za kifafa cha mimba hazikuwepo. Ilikuwa ni presha ya chumvi, iliyoletwa na homoni ambayo kwa mama mwingine ingemlinda na chumvi hiyo.

Wengi wangeishia hapo, na makala ingechapishwa bila taabu. Jeni ipo, ukoo upo, seli zimeng'aa, mimba zimeeleza. Lakini bado hapakuwa na jibu la swali la fundi: leusini inafanya nini hasa pale ndani?

Picha ya kipokezi cha aldosteroni haikuwepo bado. Ilikuwepo ya jamaa yake wa karibu, kipokezi cha projesteroni, ambayo Shawn Williams na Paul Sigler waliichapisha mwaka 1998 kwa kupitisha miale ya eksirei kwenye fuwele zake, hapohapo Yale. Wakatumia umbo hilo kama mwongozo, wakajenga la kipokezi chao juu yake, na Sigler akawa mmoja wa waandishi. Alifariki Januari 2000, miezi michache kabla makala haijatoka.

Umbo lilionyesha hivi. Ndani ya kipokezi kuna sehemu za mnyororo zilizojisokota, zikiwa zimepewa namba. Homoni hujibana katikati yao. Aldosteroni, kwenye kaboni yake ya 21, ina kikonyo cha oksijeni na hidrojeni, na kikonyo hicho ndicho kinachogusa msokoto wa tatu na kukifanya kipokezi kizima kikae mkao wa kazi. Projesteroni haina kikonyo hicho. Inaingia, inabanwa, lakini msokoto wa tatu hauguswi, basi kipokezi hakishtuki. Asidi amino ya 810 iko kwenye msokoto wa tano, upande wa pili. Serini ni fupi, haifiki ng'ambo. Leusini ni ndefu zaidi na yenye mafuta, na inafika: inagusana na alanini ya namba 773 kwenye msokoto wa tatu. Misokoto miwili inashikana yenyewe, kwa hiyo kikonyo cha aldosteroni hakihitajiki tena. Homoni yoyote ya ukoo wa projesteroni isiyo na kikonyo, yenyewe ikiwemo, inatosha.

Maelezo mazuri hivyo ni hatari, kwa sababu yanapendeza. Kwa hiyo walijaribu kuyavunja. Kama kweli siri ni mguso kati ya 810 na 773, basi ukiiondoa alanini ya 773 na kuweka glisini, ambayo haina hata kile kitawi kidogo cha kaboni kinachojitokeza pembeni, leusini haitakuwa na cha kugusa. Walifanya hivyo, na projesteroni ikapoteza uwezo wake wa kukiamsha kipokezi kile. Ugonjwa wa ukoo mzima, vifo vya mapema na mimba za mashaka, uliwashwa na kuzimwa kwa kikundi kimoja cha atomu nne. Sijui kazi nyingine ya presha iliyoshuka ngazi zote hizo, kutoka chumba cha wazazi hadi atomu, ndani ya kurasa tano, bila kuruka hata moja.

Isidhaniwe kuwa hii ndiyo siri ya presha za mimba kwa jumla. Herufi hii ni adimu mno. Mama anayeambiwa kliniki kwamba presha yake imepanda ana sababu nyingine, na kifafa cha mimba kina njia zake ambazo ni ndefu na zenye kuhusisha kondo la nyuma lenyewe. Thamani ya ukoo huu ni kwamba ulionyesha, pasipo ubishi, mahali pamoja ambapo homoni ya uzazi na presha hukutana, na namna zinavyokutana.

Ulionyesha pia jambo ambalo daktari hawezi kulisahau. Dawa ya kwanza inayomjia mtu akilini pale presha ya namna hii inapoonekana ni spironolaktoni, inayojulikana tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kukikalia kipokezi hiki na kukizuia. Umbo lake nalo halina kile kikonyo. Kwa mtu mwenye leusini mahali pa 810, spironolaktoni haizuii, inaamsha. Mgonjwa angepewa dawa sahihi kwa mujibu wa kitabu, na presha ikapanda zaidi.

Limebaki fumbo moja, na wasomaji makini wa mwaka 2000 bila shaka waliliona. Projesteroni inaeleza mimba. Lakini yule wa kwanza kabisa alikuwa mvulana, na wanaume wa ukoo ule walikuwa na presha sawa na wanawake ambao hawakuwa wajawazito. Ile bidii ndogo ya kipokezi bila homoni ilieleza kiasi tu. Mwaka 2003 timu ya Ufaransa, Marie-Edith Rafestin-Oblin akiwa mbele, ilirudia mpango uleule wa kudondosha homoni moja baada ya nyingine, safari hii ikajaribu hata zile ambazo kila mtu alikuwa ameziandika kuwa hazina kazi. Kortisoni ilikishika kipokezi chenye leusini na kukiamsha. Ile kortisoni ambayo figo huitengeneza makusudi ili kipokezi kipumzike, kwa watu hawa ilikuwa ndiyo mafuta ya moto, usiku na mchana, kwa mwanamume na mwanamke, kuanzia utotoni.

Ufundi huo haukuachwa. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa, Rafestin-Oblin akiwa miongoni mwao, waliijaribu finerenoni, dawa mpya ambayo umbo lake halikuchukuliwa kwenye homoni za ukoo wa projesteroni kama spironolaktoni. Ndani ya seli, ilikizuia kipokezi cha kawaida, na kile chenye leusini nacho ikakizuia kabisa.